Mwanafunzi Rubani

Maumbile yamepanga mwanafunzi amzike mwalimu. Vita huupindua mpango huo, na uchungu huzidi pale ambapo hata cha kuzika hakuna, kwa kuwa mwili umepotea baharini na kilichosalia ni karatasi. Hapo mwalimu hukabiliwa na kazi ambayo hakuisomea, nayo ni kumkumbuka kijana kama alivyokuwa, hata pale isipopendeza.

Uehara Ryoji alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Nagano, Japani, akasoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo. Wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakiahirishiwa utumishi wa jeshi ili wamalize masomo. Vita vilipoielemea Japani, mwaka 1943, ahirisho hilo liliondolewa. Wa sayansi na uhandisi wakaachwa darasani. Wa fasihi, sheria na uchumi wakaitwa kambini. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo maelfu yao waliandamana katika uwanja mmoja wa Tokyo, bunduki mabegani, mvua ikiwanyeshea. Desemba Uehara akaingia jeshini, akafundishwa urubani.

Usiku wa kuamkia safari yake ya mwisho aliandika maoni yake. Alishikilia kwamba uhuru ni tabia ya mwanadamu isiyoweza kufutwa. Utawala wa mabavu waweza kustawi kwa muda, walakini mwisho wake ni kuanguka, na ushahidi wake aliuona katika Italia ya Ufashisti na Ujerumani ya Wanazi. Rubani wa kujitoa mhanga alimfananisha na chembe ya chuma iliyovutwa na sumaku, isiyo na hiari wala nafsi. Lakini katika karatasi ile ile alisema kuwa kuchaguliwa kwake kwa kazi hiyo ni heshima kubwa. Kesho yake, 11 Mei 1945, aliruka kutoka Chiran, akafa katika bahari ya Okinawa akiwa na umri wa miaka 22. Ndugu zake wakubwa wawili nao walikufa katika vita hivyo.

Mwaka 1949 maandishi ya wanafunzi 75 waliokufa vitani yalichapishwa Tokyo katika kitabu kiitwacho Kike Wadatsumi no Koe. Watanabe Kazuo, mwalimu wa fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, ndiye aliyekiandikia dibaji. Alieleza kwamba hapo awali, kwa ajili ya haki, alitaka hata maandishi yaliyotukuza vita yatiwemo. Wachapishaji waliogopa madhara yake, naye akakubali yaachwe.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu, maana majivu ya vita yalikuwa hayajapoa. Hata hivyo, walioandika maneno yale nao walikuwa wanafunzi, tena wamekufa kifo kile kile. Hawakuzaliwa nayo; walifundishwa, na waliowafundisha walikuwa na majina na vyeo. Mwalimu ayafichapo maneno ya mwanafunzi wake hufuta pia alama ya mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo Uehara astahili kusomwa mzima. Ni rahisi kumpenda kwa ajili ya uhuru alioutetea na kulipita kimya neno la heshima. Lakini neno lile ndilo linalowauliza walimu swali gumu: nani alimfundisha kuiita heshima safari ambayo akili yake ilikwisha kuikataa?