Kompyuta ikigoma, soma kwanza kilichoandikwa

Msomaji mpendwa, iwapo nyumbani kwako mna kompyuta moja tu inayogombaniwa na baba, mama na watoto, basi nadhani tutaelewana upesi. Kompyuta ya aina hiyo si chombo cha anasa. Ndani yake mna kazi za shule, hesabu za chama cha akina mama, barua za kuomba kazi, hati za shamba zilizopigwa picha zisipotee, na sura za watu ambao baadhi yao hatutawaona tena hapa duniani. Siku inapokataa kuwaka, nyumba nzima hupigwa na butwaa.

Leo ningependa tuzungumze juu ya kompyuta zinazotumia Linux, na hasa ule ugonjwa unaowatia watu wengi hofu, yaani kugoma baada ya kusasishwa. Huenda ukasema kwamba Linux ni mambo ya wataalamu. La hasha! Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu siku hiyo, mwenye mashine kuukuu isiyokubali Windows 11 amejikuta njia panda. Anunue mpya, aendelee na ya zamani bila kinga, ama aweke Linux, ambayo haiuzwi. Sisi tulichagua njia hii ya tatu, na si sisi peke yetu katika mtaa wetu.

Linux yenyewe si kitu cha jana. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, nchini Finland. Aina tunayotumia nyumbani kwetu ni Ubuntu, iliyoanza kutolewa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za Kinguni za huko kusini, nalo ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Toleo lake la Aprili 2024 litapata masasisho ya kawaida hadi mwaka 2029, bila mtu kulipa hata shilingi.

Sasa, kusasisha ni nini hasa? Fikiria mama anayetaka kujaza kabati la jikoni. Kwanza huulizia sokoni ili ajue ni nini kipya. Pili, hununua na kuleta nyumbani. Tatu, hufungua mifuko na kupanga kila kitu mahali pake. Linux nayo hufanya vivyo hivyo. Amri ya "sudo apt update" huandika upya orodha tu, wala haibadilishi programu yoyote. Amri ya "sudo apt upgrade" ndiyo inayoleta vifurushi vipya, ikavifungua na kuvipanga. Ukibonyeza kitufe kwenye dirisha la masasisho badala ya kuandika amri, kazi ni hiyo hiyo.

Hatari kubwa imo katika ile hatua ya tatu. Mama akiitwa nje ghafla unga ungali sakafuni na chumvi mezani, atakayeingia jikoni atadhani mwizi amepita. Kumbe hakuna kilichoibwa. Ni kazi iliyokatizwa katikati.

Nitakupa mfano wa nyumbani kwangu. Jumamosi moja jioni, kijana wetu alikuwa akisasisha kompyuta, nayo ilikuwa imefika kwenye kiini, yaani ile programu kuu inayosimamia mashine nzima. Mara stima zikapotea mtaa mzima. Ziliporudi baada ya saa mbili, kompyuta ilitema maandishi meupe kwenye kiwambo cheusi, kisha ikaganda. Katika maandishi yale mlikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba imeshindwa kuifikia sehemu ya diski yenye mfumo wake. Bintiyetu mkubwa, aliye chuoni, alikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu, kurasa 60 na ushei, nayo ilikuwa humo humo.

Tulimwita fundi mmoja kijana. Alitazama kiwambo kwa muda mfupi, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii diski imekufa," akasema. "Si unaona mwenyewe inasema haiwezi kuifikia? Tutie nyingine, niweke kila kitu upya."

"Na sauti ya marehemu baba je?" mke wangu akauliza.

Hapo sote tulinyamaza. Baba mkwe wangu, miezi michache kabla ya kuaga dunia, alikuwa ameketi nasi akatutajia majina ya mababu zake hadi kizazi cha saba, na mahali alikozikwa kila mmoja wao. Tulikuwa tumemrekodi kwa simu, na simu ile ilikwisha kuibwa ndani ya matatu. Dakika 40 za sauti ya mzee zilibaki ndani ya kompyuta ile tu.

"Mama, hiyo itabidi msahau," fundi akajibu kwa upole.

Mke wangu hajui lolote kuhusu Linux. Lakini alisema jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu lina faida kuliko vitabu vingi. "Fundi mwanangu, mimi si mtaalamu. Ila najua kwamba mashine hii ilikuwa nzima saa kumi na moja, na stima zilipotea mtoto akiwa katikati ya kazi. Mbona tusiitazame kwanza ile kazi iliyokatizwa, kabla ya kuzika diski?"

Bintiyetu akadakia, "Baba, Linux huwa haitupi kiini cha zamani ikileta kipya. Tujaribu kuwasha kwa kile cha zamani. Kikifunguka, basi diski ni nzima, maana vyote viwili vinatumia diski moja."

Tuliizima mashine, tukaiwasha tena huku akibonyeza kitufe cha Esc. Kwenye mashine nyingine za zamani zaidi hushikiliwa kile cha Shift. Orodha ikatokea, akachagua mstari ulioandikwa "Advanced options", na ndani yake mkawa na viini viwili, kipya juu na cha zamani chini. Akachagua cha chini. Msomaji, dakika moja baadaye tuliona ile picha ya maua ambayo mke wangu aliiweka mwenyewe! Diski ilikuwa nzima kabisa. Kilichoharibika ni faili ndogo ambayo kiini kipya huitegemea ili kuifikia diski wakati wa kuwaka. Stima zilikatika kabla haijamalizika kuandikwa.

Binti alitaka kutengeneza papo hapo. Nikamwambia angoje. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuchomeka diski ndogo ya USB na kunakili ile kazi ya chuo na sauti ya mzee. Mgonjwa akipata nafuu, husubiri apone ndipo umuulize wasia? Tulipokwisha kunakili, tuliandika "sudo dpkg --configure -a", amri inayoiambia Linux imalizie kupanga vile vifurushi ilivyoviacha katikati. Ikaorodhesha kazi zake mstari kwa mstari. Kisha tukaongeza "sudo apt --fix-broken install", ili irekebishe kifurushi chochote kilichokosa mwenzake. Tulipoizima na kuiwasha, kiini kipya kilifunguka bila shida. Fundi alimaliza chai yake, akanakili amri zile mbili kwenye simu yake, akapokea nauli, tukaagana kwa wema.

Sikusimulii haya ili kumdunisha fundi. Alisoma maneno yaliyokuwa kwenye kiwambo, na kweli yalitaja diski. Lakini ujumbe wa kompyuta hueleza mahali kazi iliposimama, wala si lazima ueleze kilichoisimamisha. Kwa hiyo usome, uunakili au uupige picha, kisha ujiulize mashine ilikuwa ikifanya nini mara ya mwisho ilipokuwa nzima. Ukisahau, faili iitwayo /var/log/apt/history.log huweka kumbukumbu ya kila kifurushi kilichoingia, pamoja na tarehe na saa.

Yako matatizo mengine yanayofanana na hayo, na aghalabu dawa yake ni nyepesi. La kwanza ni kukosa nafasi. Andika "df -h" nawe utaona kila sehemu ya diski imejaa kwa kiasi gani. Iwapo sehemu iitwayo /boot imefika asilimia 100, basi viini vya zamani vimerundikana. Amri ya "sudo apt autoremove" huondoa visivyohitajika tena, na "sudo apt clean" hutupa vifurushi vilivyokwisha kutumika.

La pili ni kuambiwa kwamba kufuli limeshikwa, "Could not get lock". Maana yake ni kwamba programu nyingine inasasisha wakati huo huo, mara nyingi ile inayojiendesha yenyewe mara mashine inapowashwa. Ngoja dakika chache. Usidanganywe ufute faili ya kufuli, kwani utakuwa umewaruhusu wapishi wawili kukoroga sufuria moja.

La tatu huwapata hasa wenye mashine zilizokwisha kutumika na wengine kabla yao. Ndani yake mna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, saa hurudi nyuma. Basi Linux ikileta orodha mpya huikataa, ikisema kwamba tarehe ya orodha hiyo haijafika bado. Hata intaneti hulalamika kwamba kurasa si salama. Mtu anaweza kulaumu mtandao wiki nzima, ilhali dawa ni kusahihisha saa na kubadilisha betri.

La nne si tatizo bali ni swali. Wakati wa kusasisha, Linux yaweza kusimama ikuulize kuhusu faili fulani ya mipangilio, kwa kawaida iliyo ndani ya /etc, iwapo uibakishe yako au uchukue mpya. Huuliza hivyo kwa sababu faili hiyo ilikwisha kubadilishwa pale nyumbani, na haitaki kukuvurugia bila idhini yako. Herufi N huibakisha yako, Y huweka mpya, na D hukuonyesha tofauti iliyopo kati yazo. Ukibonyeza Enter tu, yako ndiyo itakayobaki.

Ndiyo maana kwetu tumeweka daftari la kurasa 96 kando ya kompyuta. Yeyote anayebadilisha mpangilio, awe ni wa printa, wa Wi-Fi ama wa sauti, huandika tarehe, alichobadilisha na kilivyokuwa awali. Mwanzoni watoto walilicheka. Siku hizi wao ndio wanaonikaripia nisipoandika.

Wapo wanaoamua kwamba heri wasisasishe kabisa. Hilo nalo ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Masasisho mengi huziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua tayari, na mashine inayotumiwa kutuma pesa za karo na kuandika maneno ya siri haifai kuachwa mlango wazi. Kinachotakiwa ni kuchagua wakati. Usisasishe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Kama ni kompyuta ya mapajani, iwe na chaji ya kutosha. Kama ni ya mezani, na mtaa wenu una mazoea ya giza, kifaa cha kuhifadhi umeme kitakupa dakika za kutosha kumalizia kazi au kuizima kwa utaratibu. Hakikisha pia kwamba bando la intaneti halitaisha katikati, ingawa hilo halina madhara makubwa, kwani Linux kwa kawaida hupakua vyote kwanza ndipo ianze kuvifungua.

Zaidi ya yote, msomaji, tenganisha akilini mwako mambo mawili. Programu zinaweza kupatikana tena bure, hata kama mashine yote itafutwa. Kazi ya mtoto, na sauti ya mzee, haziuzwi dukani wala hazipakuliwi popote. Hizo huishi ndani ya folda zilizo chini ya /home, na masasisho ya kawaida hayazigusi. Anayezifuta ni binadamu mwenye haraka. Kwa hiyo mtu akikuambia "tufute tuanze upya", mwulize kwanza kama amekwisha kuzinakili, na umwombe akuonyeshe kwa macho mahali alipoziweka.

Je, leo Jumapili una nusu saa ya ziada? Chukua diski ya USB, nakili mambo matatu ambayo familia yako haiwezi kuyapata tena, halafu umpe ndugu au rafiki anayeishi nyumba nyingine akutunzie. Ukimaliza, bonyeza hicho kitufe cha kusasisha, nawe ukae karibu usome maandishi yanavyopita.