Mihogo ya Ijumaa na jani la kivumbasi

ZAMU ya chakula cha Ijumaa katika msikiti wetu hapa Kaniha, wilayani Biharamulo, ilianza kwa nia njema. Waumini wengi hutoka mashambani, baadhi yao hutembea saa nzima na zaidi ili kuiwahi khutba, na watoto wa madrasa hubaki msikitini mpaka Alasiri. Kamati ikaona si vyema watu hao wakae na njaa. Ikapangwa kwamba kila Ijumaa nyumba moja ilete pilau, kilo 8 za mchele na kilo 3 za nyama. Nasi, kwa kuwa ndio tulioishika kalamu ya kamati, tukachora jedwali, tukaandika majina ya wakuu wa kaya kwa wino wa buluu, tukalibandika ukutani karibu na mahali pa kutawadhia.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja miezi ya kusubiri mavuno, ambayo kila mkulima anaijua, na baadhi ya nyumba zikaruka zamu zao. Kamati ikataka nidhamu. Tukaagizwa kuweka alama kwa wasiotoa, nasi tukaiweka kwa wino mwekundu. Tukaagizwa pia kuyasoma majina hayo baada ya Swala, nasi tukayasoma. Hatukusita, wala hatukumwuliza yeyote sababu. Tulidhani kwamba kazi ya katibu ni kuandika kilichotokea, na kwamba karatasi haina dhambi.

Miongoni mwa majina yale lilikuwamo la mzee mmoja anayelea wajukuu watatu. Aliruka zamu mara mbili. Baada ya jina lake kusomwa mara ya pili, hatukumwona tena Ijumaa iliyofuata, wala ile ya pili yake. Ilipofika ya tatu mahali pake katika safu ya kwanza, kando ya nguzo, palikuwa pamekaliwa na mtu mwingine, na moyo wetu ukaanza kutusuta.

Tulikwenda nyumbani kwake siku ya Jumapili asubuhi. Tulimkuta uani anamenya mihogo iliyong'olewa alfajiri ile, udongo wake ungali mbichi. Alitukaribisha kigoda, akaulizia hali ya watoto, akaulizia mvua upande wetu, wala hakugusia msikiti. Mjukuu wake wa kike akachuma matawi mawili ya kivumbasi kwenye ukingo wa ua, akayapukuchua majani, akayaosha. Tulidhani ni ya chai, au ya kumfukiza mwenye mafua, maana kwetu sisi kivumbasi ni dawa na ni mmea wa kufukuza mbu. Alipoyakatakata na kuyatia katika sufuria ya mihogo tulishangaa.

Tulipokwisha kula, na kwa hakika tulikula sana, tukasema, "Mzee wetu, tumekukosa msikitini."

Akajibu taratibu, "Katibu mwanangu, mchele sina. Nyama sina. Nilichonacho ndicho hiki ulichokula. Je, ningeileta mihogo, ungeniandika kwa wino gani?"

Hatukuwa na jibu. Jedwali letu lilikuwa na nafasi ya pilau na nafasi ya alama nyekundu, basi. Nafasi ya mihogo hatukuichora.

Ndugu msomaji, njiani kurudi tulikumbuka hadithi tuliyoisoma chuoni, iliyomo katika Sahihi Bukhari, mlango wa Ijumaa. Sahaba Sahl bin Sa'd, Mwenyezi Mungu amridhie, anasimulia habari za mwanamke wa Madina aliyekuwa na shamba. Pembezoni mwa mifereji ya maji alipanda silq, mboga ya jamii moja na bitiruti. Ilipofika Ijumaa aling'oa mizizi ya mboga ile, akaitia chunguni, akanyunyiza gao la unga wa shayiri, akapika. Mizizi ile ndiyo iliyosimama mahali pa nyama. Masahaba walipomaliza Swala walimpitia, wakamsalimu, naye akawaandalia. Sahl anaeleza kwamba waliitamani Ijumaa kwa ajili ya chakula kile.

Hadithi hii tulifundishwa kwa ajili ya suala la wakati wa Ijumaa, kwa kuwa mwishoni mwake inataja kwamba Masahaba walichelewesha mlo na usingizi wa mchana mpaka baada ya Swala. Tuliihifadhi, tukaitolea hoja katika mtihani, tukafaulu. Lakini yule mwanamke na chungu chake tulimpita kama mtu apitaye mlango wa jirani asiyemjua. Ilitubidi kula mihogo ya mzee tuliyemfedhehesha ndipo tumwone. Watu bora wa umma huu walikula mizizi siku ya Ijumaa na wakaifurahia, nasi huku Kaniha tuliipiga marufuku bila kujua kwamba tumeipiga marufuku.

Tulipofika nyumbani tulimweleza mama watoto kila kitu. Akasema, "Zamu yetu ni wiki ijayo. Tupike mihogo." Wakati ule alikuwa na kichanga cha wiki tano, hivyo jiko lilikuwa mikononi mwetu. Wapo wanaume wanaoona haya kusema kwamba wanapika. Sisi hatuoni, kwa kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa Swala alitoka kwenda kuswali.

Jaribio la kwanza liliharibika. Tulitia kivumbasi tangu mwanzo, kingi, kikachemka pamoja na mihogo kwa muda mrefu. Harufu yake nzuri ikapotea, uchungu ukabaki. Mtoto wetu mkubwa alionja, akakitazama chakula, akatutazama na sisi. Mama yetu mzazi akacheka akasema, "Mmepika dawa ya mafua." Tukakila kimya kimya, tukikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) hakukitia chakula aibu kamwe. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Jaribio la pili lilifaulu, na njia yake ni hii, kwa familia itakayopenda kujaribu.

Kwanza ni mihogo yenyewe. Chagua mihogo mitamu, tena ya shamba unalolijua. Mihogo michungu ina sumu, wala haifai kumenywa na kuchemshwa tu. Hiyo inahitaji kulowekwa siku kadhaa, kuanikwa na kukauka vizuri kabla ya kusagwa unga. Jambo hili si la mzaha. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo baada ya kula mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa. Pili, mihogo ing'olewe siku ileile au jana yake, kwa sababu haikai. Baada ya siku mbili au tatu huanza kuwa na michirizi ya rangi nyeusi ndani.

Menya maganda yote mawili, la nje la kahawia na la ndani lililo nene. Pasua, toa uzi wa katikati, kata vipande vya urefu wa kidole, osha. Chemsha kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, mpaka vipande vianze kupasuka, kisha mwaga maji yale. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo ya alizeti au mawese, tia kitunguu saumu kilichopondwa, kisha nyanya mbili. Nyanya zikiiva tia karanga zilizotwangwa, kikombe kimoja kwa mihogo ya watu sita, na maji ya moto kiasi cha kupata mchuzi mzito. Tia mihogo na chumvi, acha itokote dakika kumi kwa moto mdogo.

Kivumbasi huja mwisho kabisa. Chukua majani machanga ya juu tu, kiasi cha kiganja kisichojaa, uyakatekate, uyatie, ukoroge mara moja, ufunike na kuepua. Mvuke uliobaki unatosha. Ukifunua baada ya dakika tano, harufu itawaita majirani kabla hujawaita wewe.

Tulimsimulia habari hii ndugu yetu tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anaishi Uingereza. Akatueleza kwamba huko upo mzizi mweupe unaofanana na karoti, uitwao pasinipu, ambao utamu wake huongezeka ukipigwa na baridi kali ungali ardhini. Watu wa Ulaya waliutegemea kabla ya viazi mviringo kuwafikia kutoka Amerika. Yeye na mkewe huupika pamoja na majani mabichi ya seji, jani lenye harufu kali lililo katika ukoo mmoja na kivumbasi na mrehani. Wapalestina hulitia katika chai na kuliita mariamia. Muhogo nao ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno. Hivyo mzizi wa watu wa mbali umekuwa wetu, na kila umma umeuokota mzizi wake na kuutafutia jani la kuupa harufu. Neema za Mola wetu ni nyingi, na katika Suratur-Rahman ameitaja hata mimea yenye harufu nzuri pamoja na matunda na nafaka.

Ijumaa ya zamu yetu ilipofika tulibeba sufuria mbili kubwa mpaka msikitini. Hatutaficha kwamba mikono ilikuwa mizito. Mjumbe mmoja wa kamati alifunua, akafunika, akauliza, "Katibu, pilau iko wapi?" Tukamjibu kwamba leo ni mihogo. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo tuliisikia, kwamba chakula cha shambani kiliwe shambani. Baadhi ya watu waliondoka bila kula. Waliobaki, Wasubi, Wahangaza, Wasukuma na Waha, walizunguka sinia kama kawaida. Watoto wa madrasa walimaliza yao na kuja kuomba ukoko.

Mzee wetu hakuwapo.

Jioni ile kamati ilikaa. Tuliomba mambo mawili. La kwanza, neno pilau liondolewe katika jedwali, na mahali pake paandikwe "alichojaaliwa". Tuliwakumbusha wajumbe aya ya 7 ya Suratut-Talaq. Aya hiyo ilishuka katika matumizi ya mke aliyeachwa na mtoto, lakini kanuni yake inatufaa sote: mwenye wasaa hutoa kwa wasaa wake, na aliyebanwa hutoa katika kile alichopewa, wala Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa alichompa. La pili, wino mwekundu usitumike tena kwa jina la Muislamu katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mjadala ulikuwa mrefu. Wapo waliohofia kwamba tukilegeza, hata wenye uwezo wataleta mihogo, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwishowe la kwanza lilikubaliwa kwa majaribio ya miezi sita, na la pili lilikubaliwa moja kwa moja.

Lilibaki jambo lisilohitaji kura. Jina la mzee tulilisoma mbele ya watu, hivyo kumwomba radhi faraghani kusingetosha. Ijumaa iliyofuata, baada ya Swala, tulisimama palepale tuliposimama kusoma majina, tukaeleza kwamba tuliwatendea vibaya ndugu zetu ambao hawakuwa na mchele, na kwamba kosa lile lilikuwa letu sisi tulioshika kalamu. Hatukutaja jina, kwa sababu kulitaja tena kungekuwa ni kulisoma mara ya tatu. Habari zilimfikia, kama habari zinavyofika vijijini.

Alirudi baada ya wiki mbili. Hakusema neno. Aliweka kapu la mihogo ambayo haijamenywa karibu na mlango, na juu yake fungu la kivumbasi lililofungwa kwa ukambaa wa mgomba, kisha akaenda kukaa kando ya nguzo yake. Yule aliyekuwa amekalia mahali pale alisogea.

Baada ya Swala tulimenya pamoja, yeye na sisi na vijana wanne. Tulipokuwa tunakatakata majani akatushika mkono, akapunguza nusu. "Katibu," akasema, "nasikia siku ile ulitia mengi mno."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yale tuliyoyaandika kwa kalamu zetu, na azibariki riziki zetu, za pilau na za mihogo. Amin.