Maua Hayangoji: Kumbukumbu za Mchoraji wa Bustani

Ua la popi katika bustani za Uingereza hufumbuka asubuhi, na mara nyingi kesho yake petali zake zimekwisha kupukutika. Ua la Hemerocallis, linalofanana na yungiyungi, huchanua kwa siku moja tu, kisha hunyauka na kumpisha mwenzake kwenye kikonyo kilekile. Asumini nayo hungoja jioni. Kwa mpita njia hizi ni habari za kupendeza. Kwa mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye kwa miaka mingi amepata riziki yake kwa kuchora maua ya bustani kwa rangi za maji, ndizo ratiba ya kazi. Mwezi Juni jua la London huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku, naye huamka nalo.

Alizaliwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana kati ya Januari na Julai. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Aliyesoma somo hilo Afrika Mashariki analikumbuka ua la haibiskasi: hupasuliwa kwa wembe toka juu hadi chini, kisha kila mwanafunzi huchora sepali, petali, stameni na ovari, na kuvuta mistari ya majina pembeni. Mwalimu huyu alikuwa akilichora ubaoni kwa chaki za rangi, kubwa kama mlango wa darasa. Wanafunzi waliozoea kukariri majina wakaanza kuuliza maswali. Kwa nini stameni zimeungana zikawa mrija mmoja? Kwa nini ovari imejificha chini kabisa? Hapo aliona kwamba mkono unaochora hulilazimisha jicho kuhesabu, na jicho linalohesabu halikubali tena jibu la kukaririwa.

Alipohamia Uingereza na mumewe, cheti chake cha ualimu hakikumfungulia mlango wa darasa lolote. Alichopata ni kibarua katika kitalu cha maua nje kidogo ya London: kupandikiza miche, kujaza mboji kwenye vyungu, kumwagilia na kubandika lebo. Kazi ilikuwa ngumu, na mikono ilipasuka kwa baridi ya Machi. Lakini ni kitaluni alikojifunza jambo ambalo darasa halikuwa na nafasi ya kulifundisha, yaani maisha ya mmea kutoka mbegu hadi mbegu. Aliujua mti wa waridi ungali kijiti kilichopogolewa, akajua tumba lipi litafumbuka kesho na lipi linahitaji wiki nzima.

Njia hiyo si ngeni katika historia ya fani hii. Georg Dionysius Ehret, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1708, alianza kama mtunza bustani kabla hajawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa mimea wa karne ya 18. Akiwa Uholanzi alikutana na Carl Linnaeus, na mwaka 1736 akachora jedwali lililoonyesha namna mwanasayansi huyo alivyoyagawa makundi ya mimea kwa kuangalia idadi na mpangilio wa stameni. Mwalimu wa Lushoto alipoliona jedwali hilo kitabuni kwa mara ya kwanza, alilitambua mara moja. Lilikuwa somo lake la haibiskasi.

Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akichora juu ya meza ya kupandikizia. Siku moja mteja aliyekuja kununua mbolea alisimama, akatazama, akauliza kama angeweza kumchorea waridi la nyumbani kwake, kwa kuwa nyumba ilikuwa inauzwa. Kutoka kwa huyo akaja jirani yake, kisha dada wa jirani. Taratibu majira ya kiangazi yakajaa miadi ya kuchora, na kitalu kikabaki cha miezi ya masika.

Wanaoagiza picha hawataki waridi lolote. Wanataka waridi la mama, lenye tawi lililopinda kwa sababu ya ukuta na jani lililotobolewa na mdudu, na tundu hilo hulitaka pia.

Kazi yenyewe huanza na rangi, kabla ya umbo. Umbo la ua lililokatwa na kuwekwa kwenye maji huweza kudumu saa kadhaa, na jokofu huliongezea muda, lakini rangi ya petali huanza kubadilika mapema. Kwa hiyo mchoraji huyu hukaa kwanza bustanini, ua likiwa bado kwenye shina, akichanganya rangi na kupaka vijiraba vidogo kwenye kipande cha karatasi, kila kimoja na maelezo yake: upande wa jua, upande wa kivuli, mgongo wa petali, mshipa. Ndipo huchukua bikari na kupima. Urefu wa kikonyo, upana wa jani na umbali kati ya tumba moja na jingine huingia kwenye karatasi kwa kipimo halisi.

Mbinu ya kuweka rangi akiba aliithamini zaidi aliposoma habari za Ferdinand Bauer, Mwaustria aliyesafiri kwenye pwani za Australia kati ya mwaka 1801 na 1803 katika meli ya Investigator. Baharini hapakuwa na muda wa kupaka rangi kila mmea. Bauer alichora kwa penseli na kuandika namba juu ya kila sehemu, kila namba ikiwakilisha rangi fulani, na namba zake zilikaribia 1,000. Aliporudi Ulaya alizisoma namba hizo na kupaka rangi za maua yaliyokuwa yamekauka zamani.

Karatasi ni ya pamba tupu, nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso laini ili burashi iweze kuchora unywele wa jani. Mpako wa kwanza huwa mwepesi sana, karibu maji matupu. Ukikauka huwekwa mwingine juu yake, na mwingine tena, mpaka wekundu wa dalia upate kina. Katika rangi za maji mwanga hupita kwenye rangi, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni. Rangi ikirundikwa mno njia hiyo huziba na ua hufifia. Ndiyo maana subira katika kazi hii ni sehemu ya ufundi wenyewe: tabaka lisipongojwa likauke, la chini hutibuka na petali hugeuka tope.

Kisanduku cha rangi nacho kina Afrika ndani yake. Gundi inayoshika chembe za rangi ni utomvu wa mgunga, na Sudan ndiyo mzalishaji wake mkuu, hasa eneo la Kordofan. Buluu ya kobalti, iliyotengenezwa na mwanakemia Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1802, inahitaji madini ambayo leo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Congo, katika ardhi ya Katanga ya zamani, ambako wachimbaji huitana kwa Kiswahili. Mchoraji huyu huwaeleza wale anaowafundisha kuchora habari hizo kabla hawajalowesha burashi. Anataka wajue rangi imetoka wapi na imepitia mikono ya nani.

Anawaeleza pia kwamba si kila rangi hudumu. Nyekundu ya alizarini, iliyopendwa sana na wachoraji wa waridi, hufifia ikikaa kwenye mwanga. Nyekundu za kwinakridoni, zilizoingia sokoni mwaka 1958, hudumu zaidi, na ndizo anazotumia. Mtu anayelipia waridi la marehemu mama yake anastahili kulikuta bado jekundu miaka 50 baadaye.

Julai ni mwezi wa haidranjia, ua linalomlazimu mchoraji kuujua udongo. Palipo na udongo wenye asidi mmea hufyonza aluminiamu, na maua huwa ya buluu. Palipo na chokaa huwa ya waridi. Kuna bustani ambamo kichaka kimoja hubeba rangi zote mbili kwa kuwa mizizi ya upande mmoja imefika chini ya ukuta wa saruji. Agosti huja na dalia, ambazo asili yake ni Mexico, na Agapanthus na pelagoniamu kutoka Afrika Kusini. Dalia huendelea kuchanua mpaka sakitu ya kwanza ya vuli inapozikausha kwa usiku mmoja.

Kuna ua moja katika bustani hizo ambalo hulichora kwa moyo wa pekee. Waingereza hulipanda kwa wingi kwenye vivuli na vyungu vya dirishani, na wengi hawajui kwamba kwao ni Afrika Mashariki. Balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, alilipeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, na mwaka 1882 jarida la Curtis's Botanical Magazine likachapisha picha yake kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Seyyid Barghash. Leo wanasayansi huliita Impatiens walleriana. Tunda lake likikomaa na kuguswa hupasuka na kurusha mbegu mbali, jambo ambalo watoto wa Usambara hulijua kabla ya kujua kusoma.

Miadi aliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa familia ya Kipemba inayoishi London. Walitaka asumini ya bibi yao, iliyopandwa kwenye chungu ndani ya chumba cha vioo. Mchoraji alifika mchana na sanduku lake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini asumini haiji kutazamwa adhuhuri. Keti kwanza ule, tungoje magharibi.”

Wakangoja. Bibi akasimulia jinsi tumba za asumini zilivyochumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, zikatungwa kwenye uzi au kuwekwa kwenye kikuba, ili zifumbuke usiku zikiwa zimekwisha kuvaliwa. Jioni hiyo ya Julai jua lilikuwa bado juu tumba zilipoanza kulegea, moja baada ya nyingine, na harufu ikajaa chumbani. Kwa mara ya kwanza mchoraji aliweza kuifuata asumini ikifumbuka kwa mwanga wa jua, jambo ambalo usiku wa Pemba, unaoingia mapema, haungempa nafasi. Weupe hauna rangi ya kupakwa. Petali ni karatasi yenyewe, na kinachochorwa ni kivuli tu, kijivu chenye kijani kidogo pale petali inapokutana na kikonyo. Bibi aliisogeza picha karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Alitaka jambo moja tu: tumba moja lililofumba lichorwe pembeni, kwa sababu bila hilo, alisema, mtu hatajua asumini huchumwa saa ngapi.

Watu humuuliza kwa nini mtu achore wakati kila simu ina kamera. Yeye huwajibu kwa mfano wa jarida lilelile la Curtis, lililoanzishwa mwaka 1787 na linaloendelea kuchapishwa hadi leo. Picha zake zilipakwa rangi kwa mkono mpaka mwaka 1948, na bado kurasa zake huwategemea wachoraji. Picha ya kamera hunasa ua moja kwa dakika moja, pamoja na kivuli na vumbi lake. Mchoraji hukusanya kwenye ukurasa mmoja tumba la Juni, ua la Julai, tunda la Septemba na ovari iliyopasuliwa, kila kimoja mahali pake. Joy Adamson, ambaye dunia inamjua kwa ajili ya simba Elsa, alifanya kazi ya namna hiyo alipochora mimea ya Kenya kwa rangi za maji kabla ya kuandika habari za wanyama.

Kiangazi kikiisha, mchoraji huyu humalizia picha kwa kufuata vijiraba vyake vya rangi, na Januari hurudi Lushoto kufundisha walimu wa baiolojia kuchora. Kazi iliyopo mezani sasa ni mabango ya darasani ya mimea ya Afrika Mashariki inayopandwa Ulaya, kila mmea ukichorwa mara mbili kwa kipimo kimoja. Bango la Impatiens limekamilika: upande mmoja ule wa chungu cha London, mfupi, uliobanana, wenye maua makubwa bapa, upande wa pili ule wa kivulini Usambara, mrefu na wenye matawi yaliyoachana. Linalofuata ni la urujuani wa Usambara, ambao afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alimpelekea baba yake Ujerumani, na Hermann Wendland akauandika kisayansi mwaka 1893. Wa Ulaya ameshauchora dirishani. Wa Usambara hukaa kwenye miamba yenye unyevu chini ya miti mikubwa, na Januari ijayo atakwenda kuuchora hukohuko, pamoja na walimu wawili waliomaliza mafunzo mwaka jana na ambao majina yao yatachapishwa kwenye bango karibu na lake.