Kutoka Kanoni Mpaka Nyumba ya Katuni

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na kwetu ni Kanoni, Karagwe. Nataka kuwasimulia safari yangu ya likizo, nilipokwenda kuona mahali zinapotengenezwa katuni, yaani zile picha za kuchorwa zinazotembea na kusema katika televisheni.

Kwanza yafaa mjue kwamba baba hakupenda michoro yangu. Siku moja alifungua daftari langu la hesabu, akakuta kurasa tano zimejaa ng'ombe. Akasema, “Pesa ya kahawa si ya kuchezea penseli.” Nikanyamaza. Lakini mjomba wangu aliyeko Dar es Salaam ana jirani fundi wa katuni, naye aliomba nimtembelee. Baba akakubali shingo upande: “Haya, nenda ukaone kama ni kazi au ni mchezo.”

Nilipanda basi Kayanga. Tukapita Kyaka, penye daraja la mto Kagera lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha Bukoba, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Nilifika Dar es Salaam miguu imevimba, lakini moyo una furaha.

Nilidhani nitakuta mitambo yenye kelele. Kumbe ni chumba kimya, na vijana wameinamia kompyuta, kila mmoja akichora juu ya kibao kwa kalamu isiyo na wino. Nikawaamkia, wakanikaribisha vizuri.

Fundi akanieleza kwamba picha haitembei hata kidogo. Ni jicho linalodanganyika. Kwa sekunde moja huchorwa picha kama 12, kila moja ikitofautiana kidogo na mwenziwe, na kila moja huonyeshwa mara mbili, zikawa 24. Basi dakika moja yataka picha 720, na dakika kumi 7,200! Siku hizi kompyuta husaidia, kwa maana mkono au kichwa kikichorwa mara moja huweza kuzungushwa kama kiungo cha mwanasesere. Lakini ni mtu anayeamua kizunguke kiasi gani.

Tena sauti hunaswa kwanza, ndipo mdomo uchorwe kuifuata. Penye m, b na p, midomo hufumbwa. Penye a, hufunguliwa.

Wala kazi hii si ya Ulaya tu. Shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka 2014 katuni zake za Ubongo Kids zilianza kuwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Huko Nairobi nako zilitengenezwa Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Hizo zilifuata uchoraji wa Mtanzania Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972.

Kisha fundi akanipa karatasi: “Mwanangu, nichoree ng'ombe anayetembea.” Nikachora upesi, na pembe ndefu kama za kwetu. Akauliza, “Mguu upi unatangulia? Upi unafuata?” Nikakosa jibu. Tangu nina miaka saba nachunga ng'ombe, na sikujua! Aibu ilinishika. Lakini hakunicheka. Alisema, “Rudi ukawatazame. Hapa kompyuta tunazo; ng'ombe hatuna.”

Niliporudi nilimweleza baba yote, hesabu zile na aibu ile. Hakusema neno. Jioni, ng'ombe walipokuwa wakirudi, akaniita: “Njoo na daftari.” Tukaketi kando ya njia. Akawa ananyosha fimbo: “Wa nyuma kushoto. Sasa wa mbele, upande ule ule. Wa nyuma kulia. Wa mbele kulia.” Akanionyesha katika tope jinsi kwato ya nyuma inavyokanyaga karibu pale ilipotoka ya mbele. “Ndivyo tunavyomfuata aliyepotea,” akasema. “Ninyi watoto mwatazama mikia tu.” Nikachora mpaka giza likaingia.

Baba hajasema kwamba niwe fundi wa katuni. Amesema nimalize shule kwanza, na neno lake ni haki. Lakini siku ya gulio alirudi kutoka Kayanga na chumvi, sabuni, na daftari jipya lisilo na mistari. Akanipa akisema, “Lile la hesabu liache liwe la hesabu.”