Alama za Vidole Kwenye Tofali

Nilifika Marekani mwaka 2009 nikitokea Masasi. Nikabeba boksi kama wenzangu: usiku ghalani, mchana kutunza wazee. Mungu akajalia, mimi na mke wangu tukapata nyumba Columbus, Ohio. Na kadiri mambo yalivyoninyookea, ndivyo moyo ulivyonijaa dharau kwa Wamarekani weusi.

Nasema kama ilivyokuwa. Jumapili tukikutana Watanzania, mimi ndiye niliyekuwa mbele: sisi tumekuja juzi na begi moja, leo tuna nyumba, wao wamezaliwa hapa, wameshindwa nini? Mwanangu wa kiume alipoanza kuongea kama wenzake wa mtaani nilimkaripia, "Sisi si wao." Na siku hizohizo, binti yangu mdogo alikuwa akipokewa kwenye basi la shule na bibi mmoja jirani yetu, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa South Carolina. Alimlisha, akamsimamia kazi za shule, miaka 2, hataki hata senti. Jioni nilimchukua mtoto mlangoni, nikasema asante, nikaondoka.

Mwaka 2019 tulipanga likizo ya Charleston, South Carolina. Nilitaka watoto waione ngome ya Fort Sumter, iliyopigwa mizinga Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Yule bibi aliposikia safari yetu aliniomba jambo moja tu: tupite na McLeod, kwenye kisiwa cha James Island, palipokuwa shamba la pamba. Sikutaka. Mke wangu ndiye aliyeng'ang'ania.

Vibanda vya watumwa wa shamba hilo bado vipo, vya mbao, vimepakwa chokaa, vimejipanga mstari. Chumba kimoja, familia nzima. Aliyekuwa akitutembeza alisema watu waliendelea kuishi humo mpaka mwishoni mwa karne ya 20. Nikapiga hesabu: wakati huo mimi nilikuwa shule ya msingi.

Kisha akatupeleka kwenye jengo la kuchambulia pamba, akatuonyesha tofali moja ukutani. Matofali yakiwa mabichi, alisema, waliokuwa wakiyageuza ni watoto. Nikasogea. Palikuwa na vishimo vidogo, kimoja kando ya kingine. Alama za vidole. Binti yangu, miaka 7, akaweka vidole vyake pale. Vikaenea sawasawa.

Sikuweza kusema kitu. Maneno yangu ya Jumapili yalinirudia, hasa lile la "wameshindwa nini", na mtoto wangu bado ameshika lile tofali. Nilitoka nje nikalia. Si kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nililia kwa aibu.

Baadaye nilisoma kwamba kabla Marekani haijapiga marufuku kuingiza watumwa mwaka 1808, meli kutoka Msumbiji nazo zilitia nanga Charleston. Mimi ni Mmakua, ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji, nako ni kwetu. Lakini nashukuru aibu ilinishika kabla sijalijua hilo. Kama ningengoja undugu ndipo niwaheshimu, ningekuwa sijabadilika chochote.

Sokoni Charleston nilinunua kikapu cha nyasi, kazi ya akina mama Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani ile. Tuliporudi nilimpelekea bibi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Mlangoni yakapotea yote. Nikamwambia tu kwamba kwa miaka nimewasema vibaya watu wake, na yeye akinilelea mtoto.

"Nilijua," alijibu. "Hukuwahi kuingia ndani hata siku moja."

Akakinusa kile kikapu, akafumba macho kidogo. Kisha akanisogezea kiti, akaniuliza kama nimekula.

Ndugu yangu unayebeba boksi huko uliko, sikuandikii kama mtu aliyemaliza. Mdomo umezoea. Mwaka jana kwenye sherehe nilianza tena, "Hawa watu...", mwanangu akaniangalia, nikanyamaza. Bibi bado tunaye. Jumamosi namkatia nyasi za uani, na kila nikimaliza huniita ndani.