Mongbwalu: si kila kifo ni mapenzi ya Mungu

Katika mji wa Mongbwalu, wilayani Djugu, karibu kilomita 80 kaskazini magharibi mwa Bunia, kuna neno ambalo halikosi kwenye kilio. Watu wakishakaa chini ya turubai na chai ikishapita, mmoja anasimama na kusema: kazi ya Mungu haina makosa. Wengine wanaitikia kwa kichwa. Neno hilo linasemwa kwa mzee aliyekufia kitandani, wajukuu wakimzunguka. Linasemwa vilevile kwa kijana aliyekatwa panga njiani, akirudi kwenye shamba la zamani kutafuta mihogo. Vifo ni viwili tofauti, lakini neno ni moja.

Wenye kulisema hawana nia mbaya. Wanataka mama mwenye kufiwa apate nguvu ya kuinuka kesho yake. Lakini kwa familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao, neno hilo linaacha swali ambalo linarudi usiku, wakati wageni wamekwisha kwenda makwao: kama Mungu ndiye alitaka, basi yule mwenye panga alikuwa akimfanyia Mungu kazi? Wanaouliza hivyo si watu wasioamini. Ni watu wanaoomba asubuhi na jioni, ndani ya kambi na ndani ya nyumba za familia zilizowapokea.

Vifo viwili ambavyo Yesu alitaja

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu walimletea Yesu habari mbaya. Pilato, mtawala wa Kirumi, alikuwa ameua Wagalilaya wakati wakitoa sadaka zao. Yesu mwenyewe akaongeza habari ya pili: mnara wa Siloamu, kule Yerusalemu, ulikuwa umeanguka na kuua watu kumi na wanane. Habari ya kwanza ni ya watu waliouawa na mkono wa mtu, tena katika ibada. Ya pili ni ya watu walioangukiwa na ukuta.

Wakristo wa Ituri wanazijua habari zote mbili. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, huko Komanda, wilayani Irumu, wapiganaji wa ADF waliwavamia waamini waliokuwa wanakesha kwenye parokia katoliki ya Mwenye Heri Anuarite. Makumi ya watu waliuawa. Na kuhusu mnara, mchimbaji yeyote wa dhahabu wa Mongbwalu anajua namna udongo wa shimo uliolowa mvua unavyoweza kushuka bila kupiga hodi.

Yesu aliuliza kama waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine. Akajibu mwenyewe kwamba hapana. Hakusema Mungu aliwaadhibu. Hakusema pia kwamba saa yao ilikuwa imefika. Aliwageukia walio hai na kuwaambia watubu. Mtu akitafuta katika sura hiyo sababu ya kuwahukumu marehemu, haipati. Anachopata ni kazi kwa wale waliobaki.

Kama yote ni mapenzi yake, kwa nini kuomba?

Makanisa ya Mongbwalu hayafanani kwa kila kitu, lakini Wakatoliki, waamini wa CECA 20, Waanglikana na wengine wanaijua sala moja ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake. Ndani yake wanaomba kwamba mapenzi ya Mungu yafanyike duniani namna yanavyofanyika mbinguni. Ombi hilo lina maana kubwa. Kama kila jambo linalotokea duniani lingekuwa tayari ni mapenzi ya Mungu, hakungekuwa na haja ya kuliomba. Mtu haombi mvua wakati mvua inanyesha.

Ndiyo maana mafundisho ya kikristo yanatenganisha kile ambacho Mungu anataka na kile ambacho anakiachilia kitokee. Tangu Kaini na Abeli, Biblia inaonyesha jambo hilo. Mungu alimwonya Kaini kabla hajamwua ndugu yake. Baada ya damu kumwagika, hakumwambia kwamba mambo yalikuwa yamepangwa hivyo. Alimwuliza ndugu yake yuko wapi. Swali hilo linaulizwa tu kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kufanya vingine.

Mongbwalu inaweza kulielewa jambo hilo kuliko miji mingi. Dhahabu ilivumbuliwa katika eneo la Kilo mwaka 1903, na tangu wakati huo watu wengi wamesema kwamba dhahabu ndiyo laana ya nchi hii. Lakini kitabu cha Mwanzo kinapotaja dhahabu ya nchi ya Havila kinaisifu. Jiwe halichagui. Waliowalazimisha wazee wa zamani kufanya kazi za migodi wakati wa Wabelgiji walichagua. Waliopigania mji huu kati ya 2002 na 2004, UPC upande mmoja na FNI upande mwingine, walichagua pia. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2005, lilikadiria kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa Mongbwalu na kandokando yake katika muda huo.

Mmoja wa waliouawa ni Padri Boniface Bwanalonga, aliyekuwa akitumika katika parokia ya Mongbwalu. Aliuawa baada ya UPC kuuteka mji mwishoni mwa 2002. Hata juu ya kifo chake kuna waliosema kwamba Mungu alimwita mtumishi wake. Lakini tarehe 8 Julai 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule The Hague, ilisema jambo lingine: Bosco Ntaganda alimwua padri huyo kwa mkono wake mwenyewe. Alikutwa na hatia kwa mashtaka 18, akapewa kifungo cha miaka 30, na hukumu ikathibitishwa katika rufaa mwaka 2021. Upande mwingine wa vita, Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014 juu ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Majaji hawakuhukumu kabila, wala shetani, wala saa iliyofika. Walihukumu watu waliochagua.

Hapo ndipo neno la kilio linaonyesha hatari yake. Likisemwa juu ya kila kifo, linamfuta muuaji. Mwenye panga anatoka katika habari, na Mungu anawekwa mahali pake. Tena familia inanyimwa haki ya kukasirika, kwa maana nani anaweza kushtaki mapenzi ya Mungu?

Wasio na nafasi ya kuchagua

Kusema kwamba watu wanachagua hakumaanishi kwamba wote wanachagua sawasawa. Thomas Lubanga alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ile ya The Hague, mwaka 2012, na kosa lake lilikuwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Mtoto aliyechukuliwa njiani akitoka shule na kupewa bunduki hana uhuru sawa na mkubwa aliyemwamuru. Hata leo, kijana asiye na shamba, asiye na masomo, ambaye kundi lenye silaha linamwambia ajiunge au familia yake itaona, anachagua ndani ya chumba chembamba sana. Mungu anayesoma mioyo anaujua upana wa chumba hicho. Binadamu wanapaswa kukumbuka kwamba kipo.

Kuna pia wale ambao hawakuchagua chochote, yaani wanawake na wasichana waliobakwa. Jambo hili Kanisa lilikutana nalo zamani sana, tena katika Afrika. Mwaka 410, mji wa Roma uliporwa na jeshi la Wagothi. Wakimbizi walivuka bahari mpaka Afrika ya Kaskazini, na kati yao kulikuwa na wanawake waliotendewa unyama. Askofu Augustino wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, aliulizwa swali lile lile la Ituri: Mungu alikuwa wapi? Kitabu chake kikubwa, Mji wa Mungu, kilianza kama jibu. Mwanzoni kabisa aliandika juu ya wanawake hao. Alifundisha kwamba mbele ya Mungu hawakupoteza kitu, kwa sababu dhambi inakaa ndani ya mapenzi ya mtu aliyeifanya, si ndani ya mwili wa mtu aliyelazimishwa. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na bado kuna familia ambazo zinamfukuza binti kwa sababu ya kosa la mwanaume mwenye silaha. Kufanya hivyo ni kumpa mwathirika dhambi isiyo yake.

Sehemu ngumu ya swali

Hata baada ya kusema hayo yote, swali halijaisha. Mungu anaheshimu uchaguzi wa mtu, sawa. Lakini usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, hapa Djugu, watu ambao walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja. Je, uhuru wa muuaji una bei kubwa kuliko uhai wa mtoto? Na kipindupindu, na shimo linaloanguka, hapo nani alichagua?

Kuhusu sehemu ya pili, si mara zote hakuna aliyechagua. Mashimo mengine yanaanguka kwa sababu mwenye shimo hakutaka kulipa miti ya kushikilia udongo. Kipindupindu kinapenda kambi ambayo watu wamewekwa bila maji safi. Wakati wa Ebola, ambayo katika Ituri na Kivu ya Kaskazini iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, kulikuwa na waliosema ni adhabu ya mbinguni. Kama ingekuwa hivyo, wauguzi waliochanja watu na waliozika kwa usalama walikuwa wakipigana na Mungu. Ukweli ni kwamba wao ndio waliofanya mapenzi yake.

Lakini sehemu nyingine inabaki, na Biblia yenyewe haiifichi. Ayubu aliuliza mpaka mwisho, na sababu hakupewa. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo siku walifanya vizuri. Walipoanza kueleza kwa nini Mungu alimfanyia hivyo, waliharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyelia. Yesu naye, kule Getsemani, aliomba kikombe cha mateso kiondolewe. Hakikuondolewa. Imani ya kikristo haisemi kwamba Mungu alitazama mateso akiwa mbali. Inasema aliingia ndani yake na kuuawa na watu waliokuwa na uhuru wa kumwachilia. Hilo halimpi mama wa Plaine Savo sababu. Linamwambia tu kwamba pale chini, katika matope, hayuko peke yake.

Uchaguzi wa walio hai

Parokia ya Komanda ina jina la mtawa Anuarite Nengapeta, mwenyeji wa Wamba. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, kanali wa waasi wa Simba alitaka kumchukua kwa nguvu. Akakataa, na kabla ya kufa akamwambia muuaji kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri kule Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kusamehe kwake kulikuwa uchaguzi wake. Hakuna aliyemwamuru asamehe, na wala hakusema kwamba kosa halikuwa kosa. Asiyeona kosa hana kitu cha kusamehe. Yosefu pia, katika Mwanzo, aliwaambia ndugu zake wazi kwamba walimkusudia mabaya, hata kama Mungu alitoa mema ndani yake. Msamaha wa namna hiyo unaweza kwenda pamoja na mahakama. Haulazimishwi, na familia ambayo bado haijaweza haipaswi kuonewa haraka.

Katika Mongbwalu, uchaguzi mwingine unafanyika kila siku bila kuandikwa popote. Familia yenye vyumba viwili inampokea mgeni na watoto wake watano. Mtu anampigia simu jirani wa kabila lingine kumwambia asipite njia fulani leo. Kijana anakataa kwenda kulipiza kisasi, ingawa wenzake wanamwita mwoga. Hayo nayo hayakupangwa yatokee yenyewe. Kuna mtu aliyeamua.

Basi mwenye kusimama kwenye kilio atasema nini? Kwa mzee aliyemaliza siku zake, neno la zamani linatosha. Kwa aliyeuawa, kuna mambo matatu yanayoweza kusemwa bila kumsingizia Mungu: kwamba lililotendeka ni baya na Mungu hakulitaka, kwamba marehemu hakuwa na dhambi kuliko walio hai, na kwamba watu waliokaa hapa watarudi kesho na unga, na maji, na mtu wa kumsindikiza mama huyu kutoa ushahidi siku ataitwa. Na kama hakuna anayeweza kusema hata hayo, siku saba za rafiki za Ayubu bado ni mfano mzuri: kukaa chini, karibu, na kunyamaza.