Hata Elia Alilala



Leo homa ya mafua imeniweka nyumbani na chai ya tangawizi na Vitimbi vya zamani. Mzee Ojwang alituacha 2015, lakini bado ananichekesha mpaka nakohoa.

Labda nawe umelala, umekosa kesha, na moyo unakushtaki kwamba imani yako ni haba. Soma 1 Wafalme 19. Elia alichoka hata akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu.

Pumzika bila hatia. Meza dawa. Na kama kuna mshirika hajaonekana kanisani, usimhukumu, mpelekee uji.

Andika AMINA. Barikiwa!